Robine Tano

Cishugi alinifundisha mtambo kwa habari ya maji,
maana mimi mtu wa Cimpunda, nimekulia nyuma ya bidoni.
"Zamani," alisema, "kila kikundi kilikuwa na robine yake:
polisi yao, madaktari yao, wazoa taka yao.
Hii inatiririka bure, hakuna wa kukinga,
na hapo jirani watu wanavunjana meno kwa foleni.
Sasa robine ni tano, za wote,
vikundi ishirini na saba,
na hakuna wa kuuliza, hii ya nani?
Unabonyeza. Unaonyeshwa. Unakinga. Unaondoka."

Bonyeza, ngoja mlio, ndipo useme.
Ukiwahi, neno lako la kwanza
linamwagika chini.

Robine ya tano haitoi tone.
Hiyo ndiyo niliyoipenda.
Usiku na mchana inazinong'oneza redio zote, Muhumba hadi Bagira:
kikundi cha tisa, nendeni ya pili;
kikundi cha nne, ya kwanza iko wazi;
namba fulani, ngoja.
Haijawahi kubeba sauti ya mtu,
na bila hiyo hakuna ambaye angemsikia mwenzake.
Nimewahi kuishi na mama wa namna hiyo.

Kule juu mlingoti unadaka neno lililochoka
na kulirusha upya likiwa na nguvu,
maana Bukavu ni mji wa mikunjo:
unaona moshi wa jiko la jirani ng'ambo ya bonde
na redio yako haimfikii.

Madaraja niliyapanga mimi. Jumanne, mvua, chai ikipoa.
Wazimamoto, la kwanza.
Madaktari, la pili. Polisi, la pili pia, wakanung'unika.
Nikashuka, nikashuka,
hadi kwa Zihalirwa, mlinzi wa valvu za maji,
redio 4127:
la tisa. Nani angemhitaji usiku?

Moto wa Nkafu ulianza saa nane.
Mbao, mabati, upepo kutoka ziwani.
Chaneli nne zikajaa kwa pumzi moja.
Mtu akafinya kile kitufe chekundu
na mtambo ukamkata nesi katikati ya sentensi,
alikuwa anataja aina ya damu.
Alirudi baada ya sekunde arobaini. Nilizihesabu.

Zihalirwa sikumsikia.
Mtambo ulimweka foleni, kwa adabu,
nyuma ya kila aliyekuja baada yake.

Asubuhi nikafungua kumbukumbu:
4127 anaomba. Foleni.
4127 anaomba. Foleni.
4127 anaomba.
Mara kumi na nne.
Kisha: amepewa, chaneli ya tatu, saa tisa na dakika arobaini.
Sekunde sita.

"Valvu ya Nkafu imefungwa. Niifungue? Nangoja ruhusa."

Saa hiyo mipira ilikuwa imelala bapa kitambo
na wanaume wakimwaga mchanga kwa masufuria.
Nyumba kumi na moja.
Watu wote walitoka, Mungu asifiwe;
mbuzi wa Mama Nsimire alikuwa na kamba.

Nilimpigia mzee. Hakuwa na hasira.
"Nilijua zamu yangu itafika," alisema.
"Ule mlio wa foleni, binti yangu, una heshima."
Afadhali angenitukana.

Cishugi anasema mtambo hauna kosa.
Haujui moto, haujui maji,
unajua tarakimu ulizoulisha.

Kwa hiyo nimempandisha Zihalirwa, daraja la pili,
na orodha yote ikateleza hatua moja,
na jina moja ambalo sikulitazama vizuri
likaanguka pale alipokuwa yeye.
Kioo kinauliza: hifadhi?
Nje, chini ya dirisha, bidoni za njano zimepangwa hadi barabarani,
na mtoto wa mwisho kabisa anasinzia juu ya yake.

Nikabonyeza.
Nikangoja mlio.