Kumpisha Asiyekuwepo

Skrini niliinunua Kasuarina,
hoteli ya Mtaliano ilipofungwa na vyombo vikapigwa mnada:
inchi ishirini na nne, elfu nne na mia tano,
mgongoni kibandiko cha lugha nisiyoisoma.
Nikaileta Shela kwa tuktuk, nimeikumbatia
kama mtoto wa watu.

Nikachomeka nyaya zake mbili, ule wa picha
na ule wa pembeni ambao sikuujua kazi yake.
Ikawaka. Kadi ya harusi ya bintiye Bi Rukia
ikatandazika pana, maua pembeni, rangi ya dhahabu,
na jina la bwana harusi limekosewa:
nimempa w moja, na kwao Munawwar ana mbili.

Nikagusa tachipedi nirekebishe.
Kimya.
Mshale umesimama juu ya neno *karibuni*,
haupandi, haushuki.

Nikachomoa: ukacheza.
Nikachomeka: ukafa.
Mara tatu, mara tano,
kama mtu abonyezaye swichi stima imekatika
akitumaini taa itaona haya.

Basi nikaanza kutuhumu.
Kwanza vidole vyangu, jasho la Machi na chumvi ya hewani;
nikavipangusa kwa leso mpaka vikawaka moto.
Kisha chaja, maana ukuta huu hauna waya wa ardhi
na mwenye nyumba kila nikimwambia asema kesho.
Nikatumia betri. Wapi.
Kisha nikamtuhumu Nasri, aliyeniwekea Linaksi
akiapa kwamba haina virusi, haina leseni, haina makuu.
Nikampigia. Yuko Mtwapa, nyuma yake jenereta inanguruma.
"Labda mshale umevuka," akasema.
"Wewe skrini umeiweka kulia, mashine yadhani iko kushoto.
Utafute ng'ambo."
Nikautafuta ng'ambo.
Hakuna mtu.

Saa tano usiku nikafungua dirisha jeusi,
nikaandika amri ya kuhesabu
nani na nani wamo humu ndani.
Kibodi, yupo.
Kamera, yupo.
Tachipedi, yupo, mzima, hana homa.
Na chini yake, mstari peke yake:
mausi.

Mausi gani? Sina mausi,
tangu ile ya kwanza ilipotafunwa waya na panya wa kweli.

Nikaigeuza skrini, nikapapasa mgongo wake,
matundu yamejaa vumbi la wageni wa miaka,
kidole kikagota kitu kidogo kama jino la mtoto:
kipokezi cha mausi isiyo na waya,
mausi yenyewe imebaki Kasuarina, au Milano, au jaani.

Hapo ndipo nilipoielewa adabu ya mashine.
Mahali fulani imeandikiwa: ikija mausi ya nje, tachipedi inyamaze.
Ikaona viatu vya mgeni mlangoni,
ikaondoka kitini, ikafumba mdomo,
ikangoja.
Na viatu vilikuwa viatu tu.

Ningeweza kuandika amri, niubadilishe mpangilio.
Nilikichomoa kwa ukucha.
Mshale ukaruka kama kuku aliyefunguliwa kamba.
Nikaongeza w ya pili.

"Imepona?" mama akauliza kutoka kitandani.
Chumba cha kaka yangu Twaha, ubavuni mwa chake,
kina kufuli mwaka wa saba, na shuka hubadilishwa kila Ijumaa.
Mimi na printa na maboksi ya karatasi
twalala sebuleni.
Nikajibu imepona.
Sikumwambia ilikuwa na nini.

Asubuhi Bi Rukia akaja, akahesabu herufi kwa kidole,
akaridhika na jina, akagombana na bei.
Kipokezi nimekitia katika kopo la vifungo.
Si kwamba chamngoja mtu.