Mfuko wa Upepo

Mimi ndiye niliyeushona mfuko ule wa Wilson,
turubai la rangi ya chungwa, mshono maradufu.
Asubuhi ile ulijaa, ukanywea,
ukaelekea Ngong, ukageukia Lang'ata
kama mtu aliyeitwa na sauti mbili.

Rubani Muthiani aliutazama. Akaondoka.

Magurudumu yaliacha lami,
bawa la kushoto likainama,
likachana nyasi hadi kwenye ua wa mbuga.
Akatoka na kiatu kimoja, akaketi, akauliza saa.

Makasha ya kwenda Lodwar yalipasuka:
vifaranga mia nne wa siku moja,
wasiojua kuruka,
wakatawanyika kwenye njia ya ndege
wakilia, wazima.

Hadi leo, pazia likivimba dirishani,
nasimamisha cherehani.