Springi za Noah

Msimu wa korosho mimi hukaa mlangoni pa ghala, hapa Masasi,
kisu mkononi, beseni la maji miguuni.
Nakata, natazama, nasema: la kwanza.
Nakata tena: la pili.
Mwezi wa sita ghala ni tupu, uwanja umefagiwa,
vijana wa gereji wamepanga madumu ya njano yenye mchanga
wayazunguke kwa magari, mmoja mmoja, dhidi ya saa.
Wakasema: Somoe, wewe una jicho, utukagulie.
Wakanipa daftari, tochi, na kanuni kurasa tatu.

Gari lenye vyake vyote vya kiwandani: kundi la kwanza.
Ukibadili rimu, tairi, filta, egzosi: la pili.
Ukigusa springi, ukigusa injini, ukafunga turbo,
uko la tatu, na la tatu halina huruma,
huko yuko Dadi Mnunduma na Subaru yake
inayokohoa kama jenereta ya harusini.

Nikajifunga kanga kiunoni, nikalala chali chini ya magari.
Nilikuta mengi.
Kiti cha nyuma kimeng'olewa, mwenyewe anaapa kimeibiwa.
Vitz ya kusambazia maandazi imebandikwa nembo ya GT;
nikaipitisha la kwanza,
nembo haiongezi mwendo ila wa moyo.

Kisha Starlet nyeupe ya Fakihi Nampoto.
Rimu zake ni zake, injini yake,
hata matope ni yake.
Nikamulika nyuma: springi nene, nyekundu,
zina namba ambayo Starlet haijawahi kuzaliwa nayo.
"Fakihi, hizi?"
"Za Noah. Zangu zilikatika Kitangari
nikiwa na magunia sita ya baba.
Fundi alikuwa na hizi tu. Mwaka wa nne huu.
Mbio zenyewe, dada, si mmezianza juzi?"

Nilijua hadanganyi.
Mwaka ule mvua ilipowahi, korosho za mama zililowa njiani,
na bwana aliyekuwa mlangoni akakata, akatazama,
akasema: la pili.
Mama akaeleza mvua, akaeleza turubai lililochanika,
lori lililokwama Nanganga siku mbili.
Bwana akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa,
kisha akaandika la pili.
Nilimchukia miaka miwili.
Mwaka wa tatu nikaomba kazi yake.

Kisu kinaona ndani ya korosho. Hakioni barabarani.
Nikaandika: Nampoto, la tatu.
Hakubisha. Angebisha ningepumua.

Zamu yake ikafika.
Starlet ikaingia kona ya kwanza bila kulala,
zile springi za magunia zikakaza mgongo,
nyuma ikateleza kidogo, kidogo tu, ikageuza pua
kuelekea dumu linalofuata kabla usukani haujaamua.
Hapo nikaona kanuni haikuwa mjinga.
Vile vyuma havikujua vilifungwa kwa ajili ya nini;
vilisaidia tu.

Arobaini na saba nukta tatu, hakugusa dumu.
Kwa muda huo, la kwanza, jogoo angekuwa wake.
La tatu, ni wa mwisho,
sekunde tano nyuma ya moshi wa Dadi.
Jogoo akaenda na maandazi.

Saa kumi wengine wanafungua rimu za kuazima,
wanarudisha filta, wanatafuta spana iliyopotea.
Fakihi hana cha kufungua.
Akapakia mifuko saba ya salfa kwa ajili ya mikorosho,
Starlet haikuinama hata upana wa kidole,
akanipigia honi moja, akashika njia ya kupanda Newala.

Mimi nikabaki na daftari:
jina, gari, kundi, muda, adhabu.
Hakuna safu nyingine.
Nikaweka penseli pembeni, nje ya mstari mwekundu,
nikaandika kwa herufi ndogo, magunia sita,
nikaenda kufunga ghala.