Ungo wa Maharage

Ulifika Pasua na begi refu kuliko mgongo wako,
miaka kumi na tisa, pasipoti yenye muhuri mmoja,
ukauliza kwa Kiswahili cha kitabuni:
"Mimi nisaidie nini?"
Nikakupa ungo wa maharage.

Ulitaka kufundisha. Najua.
Wote hutaka kufundisha.
Watoto wale wameimbishwa kichwa, mabega, magoti
na vijana wa nchi saba,
wakazoea kushangaa upya kila Juni.
Ombeni ndiye hodari wao:
hushangaa kabla wimbo haujaanza.

Siku ya tatu ulilia nyuma ya jiko.
Ulimwona Ndeshi akifunga nusu ya chapati
kwa karatasi ya daftari, aipeleke nyumbani.
Sikukubembeleza, Signe. Nilikuwa na masufuria mawili motoni
na kuni mbichi zinazotema moshi.
Nilisema tu: machozi yasiingie kwenye mboga,
chumvi imeshakolea.
Ukacheka. Ndeshi naye akacheka,
hajui kwamba ndiye aliyeliliwa.

Baada ya hapo ukachambua kweli.
Vijiwe ukavitia kwenye kifuniko cha chupa,
jioni unavihesabu kama kibarua na ujira wake.
Thelathini na nane. Arobaini na kimoja.

Asubuhi moja mlima ulivua mawingu.
Watoto hawakugeuka, walikuwa kwenye foleni ya uji.
Wewe uligeuka,
kisha ukaugeukia tena uji, ukaendelea kumimina.
Hapo ndipo nilipolishika jina lako.

Wiki ya sita ukaenda.
Ukasema utarudi. Mimi nikasema karibu,
neno lisilo na tarehe.

Viatu vyako vya mlimani umetuachia,
namba arobaini na mbili!
Mlinzi Kiwelu alivijaribu, akavuka uani kama bata,
tukacheka hadi ugali ukaungua.
Cha kushoto sasa anatagia kuku.
Cha kulia Ndeshi hutia vijiwe,
kila mchana, kimoja kimoja.
Simuulizi anamwekea nani.

Jana ndiye aliyeniuliza:
"Mama Manka, kwao Signe maharage yana mawe?"
Nikamwambia sijui,
mimi hata mpaka wa Holili sijauvuka.
Akafikiri, kidole puani.
"Nikienda nitawachambulia."

Nikamwambia akanawe mikono.