Saa ya Wapi

Toleo jipya lilishuka Jumanne moja ya Novemba,
na Callum akasimama kusoma sifa zake kwa sauti
kama mjomba wa kuumeni anayemnadi bwana harusi:
kurasa zinajichora nusu, nusu nyingine ikisubiri,
fomu zinajikagua kabla mtu hajakosea,
kumbukumbu haivuji tena.
Ana kazi, ana elimu, hanywi.
Nikauliza swali la upande wa kukeni:
ataweza kukaa na wakwe?

Maana wakwe wamo humu humu,
katika kiwanda hiki cha zamani cha juti, Dundee,
ambako wanawake walifuma magunia hadi masikio yakaziba
na sasa tunafuma sisi, kwa vidole, bila vumbi.
(Mfumo: neno limebeba kufuma tumboni mwake.
Nilimweleza Callum. Akasema, ala.)
Wakwe ni daftari la matengenezo ya nyumba za baraza,
lililoandikwa na Fergus, ambaye alistaafu
akaacha wasia wa mstari mmoja juu ya msimbo wake:
Usiguse hapa. Hata mimi sijui kwa nini inafanya kazi.

Sikugusa. Niliandika mshenga:
mistari arobaini, mpole, mwenye lahaja mbili,
anayetoka kwa huyu na kumfikishia yule
neno lile lile likiwa limevaa nguo nyingine.
Huku "mpangaji", kule "mteja". Huku pengo, kule sifuri.
Posa ikapokewa. Majaribio yote yakawaka kijani.
Desemba wakalala chumba kimoja, Januari hakuna aliyekoroma,
Februari theluji ikaifunga Lochee
na mafundi wa boila bado walifika kwa wakati.

Jumapili ya mwisho ya Machi nchi nzima ikasogeza saa mbele.
Jumatatu simu zikaanza.
Bi Kinnear, miaka themanini na miwili,
aliambiwa saa tatu. Akavaa koti ndani ya nyumba, akatenga vikombe viwili.
Fundi alikuja saa nne.
"Si ile saa moja inayoniuma," akasema,
"ni kule kukaa dirishani."

Callum alililaumu toleo. Meneja alimlaumu Fergus.
Usiku nilibaki na mlio wa hita,
nikiwahoji wanandoa mmoja mmoja kama kadhi,
na kila mmoja alisema kweli.
Mzee huandika saa ya ukutani, ya hapa, anayoiona.
Kijana huhesabu saa ya dunia nzima,
isiyojua kipupwe wala kiangazi;
ukimpa tatu hudhani ni ya dunia, akaiongeza moja.
Wakati wa baridi saa hizo mbili ni mapacha.
Ndiyo maana tulidhani ni mapenzi.

Nikacheka peke yangu.
Mimi, niliyekulia Korogwe nikiutazama mshale kwenye tisa
na kusema tatu bila kupepesa!
Mimi, ambaye mwaka wangu wa kwanza hapa
niliitwa kwenye usaili saa tisa yao
nikaenda saa tisa yetu,
viatu vinang'aa, mlango umefungwa.
Tangu siku ile nina mshenga kichwani,
toa sita, ongeza sita, mchana na usiku,
halipwi, na hakuna aliyewahi kumwandikia jaribio.

Basi yule wa mistari arobaini nikamwongezea mmoja,
swali la adabu tu, la kuuliza
unapopokea saa kutoka mkononi mwa mwenzio:
ya wapi?

Alhamisi Bi Kinnear aliambiwa tatu
na hodi ikabishwa tatu. Boila ikakohoa, ikawaka.
Callum anasema toleo jingine linakuja Juni,
na ameshaanza kulisifu.
Juu ya mstari wangu nimeacha wasia, kama Fergus,
ila wangu ni wa Kiswahili.
Atakayekuja ajitafutie mshenga.