Dakika Nzima

Saa yako ya mkononi imebaki kwangu, Babu.
Kioo kina ufa. Mkanda umebadilishwa mara tatu
na fundi wa viatu pale Kariokor.
Haikukusaidia kuwahi popote:
harusini ulifika keki imekwisha,
kanisani ulikuta sadaka ya pili.
Ilikuwa na kazi moja tu,
mshale mwembamba wa sekunde
na kifua cha mtoto.

"Dakika nzima," ulituambia.
"Usihesabu nusu ukazidisha kwa mbili.
Mtoto si hesabu ya duka."
Basi chumba chako cha Ngara kilinyamaza,
mama na leso begani, muuguzi Peninah na faili zake,
na midomo yako ikienda bila sauti
kama mtu anayesali kwa namba.

Julai, ukungu ukiwa umekaa juu ya mabati,
waliletwa blanketi juu ya blanketi.
Uliwamenya kama vitunguu.
Chuma cha kusikilizia moyo ulikipasha kwanza kwapani,
kisha, kifua kikikoroma, uliuliza kwa hasira ya uongo:
"Nani kamficha paka humu ndani?"
Na mtoto alisahau kulia,
akainama kujitazama kifuani.

Sisi wajukuu hatukupewa paka.
Tulipewa mafuta ya ini la samaki,
foleni moja, kijiko kimoja, kila Jumapili.
Lakini usiku, tukilala wanne kitandani kule Woodley,
mlango ulifunguka upana wa kiganja
na wewe ukasimama pale, na saa.
Nilijua unafanya nini.
Nilijifanya nimelala, nikapumua kwa uangalifu
ili nipate alama nzuri.

Madeni uliyasahau kwa bidii.
Bibi Rasoa alikuwa na daftari lake la siri,
akaliacha mwaka ule mwanamume mmoja alipoleta jogoo
kulipia sindano ya miaka kumi na miwili nyuma,
nawe ukamrudishia jogoo na nauli.

Usiku wako wa mwisho, wodini,
kijana wa zamu alihesabu sekunde thelathini, akazidisha.
Sikumlaumu. Vitanda vilikuwa vimejaa hadi koridoni.
Alipoondoka nikaanza upya.
Kumi na moja.
Tisa.
Kisha namba ambayo sitaiandika.

Kabatini tulikuta kadi za wagonjwa wako
ndani ya maboksi ya viatu, miaka hamsini ya maboksi.
Na kopo moja la biskuti, peke yake,
lenye kadi zilizokunjwa pembe.
Nikauliza. Bibi akafuta kifuniko kwa upindo wa gauni.
"Hao hawakupona," akasema.
"Kila Januari aliyasoma majina.
Majina tu. Halafu alivaa koti akaenda kazini."
Nilikuwa nimekula biskuti za kopo lile.

Matangani, chini ya hema la kukodi,
watu wazima walipanga mstari kutupa mkono
na kujitambulisha kwa magonjwa yao.
"Mimi ni surua, mwaka wa themanini na tatu."
"Mimi kifaduro. Na huyu dada yangu."
Makanika wa Kirinyaga Road, mikono haijatoka grisi,
ndevu zimeingia mvi:
"Mimi ndiye niliyemng'ata."
Tukacheka, Babu, tukacheka vibaya,
mpaka mchungaji akakohoa kutuita kwenye maombi.

Kisha mtoto naye akakohoa, huko nyuma,
mgongoni kwa mama nisiyemjua.
Kikohozi kikavu, chenye mluzi mwishoni.
Na hema zima likanyamaza,
surua, kifaduro, nimonia, wote,
shingo zimegeuka upande mmoja,
tukisubiri mtu fulani aulize habari za paka.

Mama akaona haya, akataka kutoka nje.
Peninah, mwenye fimbo sasa, akamshika kiwiko,
akanitazama mimi.
Nami mkono wa shati nilikuwa nimeshaukunja.