Natumika

Dirisha la pili, zahanati ya Kayole,
mimi ndiye wa kuandika kadi.
Jina nilimwomba alirudie mara tatu.
Nsimire, akasema, na akaweka kidole juu ya N
nisije nikaiacha nje.
Umri alinipa wa kwenye karatasi
na wa kweli, nichague.

Kazi?
"Natumika."
Nani anakutumia?
Akanitazama kama aliyeulizwa
nani anampumulia.
"Natumika, mama. Natumika kufula.
Kila siku natumika, ila siku ya Mungu."

Mwalimu wangu wa Butere angelipigia neno hilo mstari mwekundu.
Kwetu hutumika sabuni, hutumika kijiko,
hutumika njia ya juu, ya chini ikifurika.
Mtu hatumiki. Mtu hufanya kazi.
Nikaandika: hana kazi.
Kalamu ya kaunti haina haya.

Ndipo akaiweka mikono yake kwenye kaunta.
Ngozi ya katikati ya vidole imepasuka
kama udongo wa Njiru mwezi wa pili.
Kucha mbili zimeliwa na jiki.
Usiku huipaka mafuta ya kukamulia ng'ombe,
huivika mifuko ya mkate
na kulala kwa ubavu,
mimba ya miezi saba ikigeuka peke yake.

Beseni la nguo ni mia tatu.
Blanketi, maelewano.
Maji huyapandisha kwa miguu hadi ghorofa ya tano;
lifti, alisema bila kununa,
ni ya mbwa na wenye mbwa.

Sista Nasambu alimpima presha mara mbili,
mara ya tatu akabadilisha mashine.
Akaandika dawa moja, akaandika ya pili,
na chini, kwa herufi kubwa: KUPUMZIKA.
Nsimire akarudi na karatasi dirishani.
"Hii inauzwa wapi?"
Sikujua kama ni mzaha.
Naye hakunisaidia.

Kitambulisho chake kilipitwa na muda tangu Machi.
Kompyuta ikakikataa, ikamkataa.
Nikamwandika kwa mkono nyuma ya fomu,
mahali ambapo hakuna aliyeuliza kitu.

Jamaa wa karibu?
"Idil."
Ni dada yako?
"Ni Musomali. Tunakaa ukuta moja kule Kileleshwa,
tunangoja kuitwa. Akiitwa yeye, ananivuta."
Kwenye undugu nikaandika: beseni.

Alikuwa ameshatoka langoni
aliponieleza mzee mmoja wa foleni, wa huko kwao,
kwamba Bukavu mtu akitumika amekwenda kazini, basi.
Hata meneja wa benki, na tai yake, anatumika.

Nilifuta ile "hana kazi" hadi karatasi ikatoboka.

Tangu hapo neno limeniingia kama mchanga kiatuni.
Tuma. Tumia. Mtume. Mtumishi.
Mtumwa: mlango huo niliufunga upesi,
lakini nilikuwa nimeshaona ndani.
Tumaini silihesabu. Halitoki shina hilo,
na sitaliazima.

Leo saa kumi na moja mama kapiga simu.
Miguu yangu imevimba tangu saa nane,
mshahara wa mwezi wa nne haujaingia,
foleni bado inafika langoni,
na aliye mbele yangu ni msichana wa Kioromo
anayenionyesha kiganja, kisha mgongo, kisha kiganja,
kwa kuwa hatuna hata neno moja la kukosana.

"Uko wapi saa hizi?"
Natumika, nikasema, bila kuwaza.

Nilisikia kuku nyuma ya kimya chake.

"Nani anakutumia, Ayuma?"